Kisichobaki Usoni

Kati ya vitu vyote ambavyo binadamu hujipaka usoni, barafu ndiyo pekee isiyobaki. Mafuta hubaki. Wanja hubaki hata pasipotakiwa, ukashuka mashavuni mbele ya wageni. Poda, krimu, unga wa dengu, manjano, asali, kila kimoja huacha kitu: rangi, harufu, mng'ao au deni dukani. Barafu humaliza kazi yake kwa kutoweka. Dakika kumi zikipita, hakuna atakayekutazama akajua ulikuwa nayo, labda aone kola ya blauzi imelowa.

Na bado ndiyo inayotamba kwenye simu za mabinti zetu. Binti anajaza beseni maji, anamwaga humo trei mbili za barafu, anafunga nywele, anavuta pumzi na kuuzamisha uso. Akiibuka anahema, anacheka, kope zinachuruzika. Wengine hufunga kipande kwenye leso na kukipitisha mashavuni kama wanaopiga pasi. Wenye fedha wana rola za chuma zinazolala kwenye friza, na vitufe vya kioo vyenye kimiminika ndani yake. Wapambaji wa maharusi nao hupitisha barafu usoni kabla ya kuanza mekapu, ili jasho la ukumbini lichelewe kidogo. Ahadi zinazoandamana na hayo yote ni ndefu: barafu inafunga matundu ya ngozi, inamaliza chunusi, inavuta mikunjo, inang'arisha, inarudisha ujana.

Mtindo wenyewe ni wa zamani. Katika filamu ya Harper ya mwaka 1966, Paul Newman anaamka asubuhi, anajaza sinki maji na barafu, anatumbukiza uso. Miaka saba baadaye, katika The Sting, anafanya vilevile akijaribu kuutoa kichwani ulevi wa jana. Hakuwa akitafuta urembo. Alikuwa mwanamume aliyelala vibaya, anayetaka kujikusanya kabla hajaonana na watu. Naona alikuwa karibu na ukweli wa barafu kuliko matangazo ya leo, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza kinachotokea kwenye ngozi, maana hapo hakuna miujiza. Uso una mtandao mnene wa mishipa midogo ya damu iliyo karibu sana na juu. Baridi ikiigusa, mishipa hiyo hujibana, damu hupungua, na majimaji yanayovuja kutoka kwenye mishipa kwenda kwenye nyama hupungua pia. Usiku tukiwa tumelala, maji ya mwili ambayo mchana huvutwa kwenda miguuni hupata nafasi ya kutulia usoni, hasa chini ya macho, ambako ngozi ni nyembamba mno, kiasi cha nusu milimita. Ukila chumvi nyingi jioni au ukilia kabla ya kulala, asubuhi macho yamevimba. Barafu huondoa uvimbe huo upesi. Lakini hata ungesimama tu ukafagia uwanja na kuchemsha chai, maji yale yangeshuka yenyewe. Barafu inakuokolea nusu saa. Kwa mtu anayekimbilia daladala, nusu saa si haba.

Chunusi iliyoiva na kuwa nyekundu nayo hutulia ikipozwa, na maumivu hupungua, kwa sababu baridi huzubaisha neva. Chanzo chake, yaani tundu lililoziba, mafuta yaliyokwama na vijidudu vinavyojilisha humo, kinabaki palepale. Na yale matundu ya ngozi yanayosemwa kwamba hufunguka kwa mvuke na kufungwa kwa barafu hayana msuli wa kuyafungua wala kuyafunga. Kila tundu ni mdomo wa kifuko cha unywele na tezi yake ya mafuta, na upana wake huamuliwa na urithi, wingi wa mafuta, umri na jua ulilopigwa. Msuli mdogo uliopo pale kazi yake ni kusimamisha vinyweleo mtu akisisimka. Ngozi iliyopoa hukakamaa kidogo, matundu yakaonekana madogo, kisha joto likarudi na mambo yakawa kama yalivyokuwa.

Hata ule mng'ao unaosifiwa una maelezo ya kawaida. Mwaka 1930 daktari Thomas Lewis wa London alieleza alichokiona kwenye vidole vilivyozamishwa katika maji ya barafu: mishipa hujibana kwanza, halafu baada ya dakika chache hufunguka tena ikiwa bado ndani ya baridi, hujibana, hufunguka, kana kwamba mwili unakataa kukiacha kidole kife. Ukiondoa baridi, damu hurudi kwa kishindo. Mashavu ya mtu mweupe hugeuka mekundu. Sisi wekundu huo hauonekani sana, ila joto lake tunalisikia, na uso hupata uhai kwa muda wa kutosha kupiga picha.

Kwa hiyo barafu kwa ngozi ni msaada mdogo na wa muda mfupi. Watu wengine wakifika hapa huona hadithi imekwisha: kumbe ni bure tu. Mimi naona ndipo inapoanza. Lakini kabla ya kuendelea, inafaa tukumbuke kwamba watu wa pwani walikuwa wakiupoza uso karne nyingi kabla ya friji, na walifanya hivyo kwa akili zaidi.

Kuyeyusha gramu moja ya barafu kunahitaji joto sawa na lile la kupasha gramu hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi nyuzi 80. Ni joto jingi, ndiyo maana kipande kidogo cha barafu hupoza glasi nzima. Lakini gramu moja ya maji inapogeuka mvuke juu ya ngozi hubeba joto karibu mara saba ya hilo. Mtungi wa bibi uliokaa penye upepo ulifanya kazi kwa kanuni hii: maji yalipenya kwenye vitundu vya udongo, yakakauka kwa nje, yakaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Haukuhitaji umeme wa LUKU.

Na usoni palikuwa na liwa. Mti wenye harufu nzuri husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo, ukapatikana ujiuji unaopakwa mwilini, hasa msimu wa kaskazi watoto wanapotoka harara. Unapokauka, hupoza. Visiwani Komoro wanawake hutembea sokoni mchana uso umepakwa msindzano, sandali iliyosagwa kwenye jiwe la tumbawe, rangi ya dhahabu iliyopauka. Na ukivuka kwenda pwani ya kaskazini ya Msumbiji utawakuta wenzao na nyuso nyeupe za musiro. Mgeni huona pambo. Ni pambo kweli, tena ni kinga ya jua, na ni kiyoyozi kisichokuwa na waya. Ajabu ni kwamba hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya hayo matatu.

Kisha kuna marashi ya waridi. Waliopata kufika Jabal Akhdar, Oman, majira ya mavuno, mwezi wa Aprili, wameona yanavyotengenezwa kwa njia ya kale: maua hutiwa kwenye chungu juu ya moto, na juu ya chungu huwekwa chombo cha shaba kilichojaa maji baridi. Mvuke wa maua hupanda, hukutana na tumbo la shaba lililopoa, hugeuka matone na kudondokea kwenye bakuli lililowekwa ndani. Kwa hiyo marashi yenyewe ni zao la mvuke uliokutana na baridi, na yale ya njia ya kale hubaki na harufu ya moshi ambayo yale ya kiwandani hayana. Yakifika Unguja, Mombasa au Lamu hutiwa kwenye mrashi, yakanyunyizwa kwa wageni harusini na kwa waombolezaji matangani. Tone likitua kwenye paji la uso, mtu hufumba macho. Ni kupozwa kwa heshima, mbele za watu, bila mtu kuombwa avue miwani.

Galen naye, tabibu wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa krimu ya baridi, mchanganyiko wa nta, mafuta na maji ya waridi. Haukushikana vizuri, kwa hiyo ulipopakwa maji yalijitenga yakakauka, na ngozi ikapoa. Hata spiriti ya kinyozi inayomfanya mteja avute hewa kwa meno hufanya hivyo, ila yenyewe hukauka haraka zaidi, na juu ya ngozi iliyokwanguliwa huchoma pia. Kasoro ya njia hizi zote ni moja, nayo tunaijua wakazi wa pwani: mvuke huhitaji hewa kavu. Kitambaa chenye maji kinachokauka upesi Dodoma, Dar es Salaam mwezi wa Februari hubaki kimelowa shingoni, chenye uvuguvugu, kikinuka. Hapo ndipo barafu ilipoishinda liwa.

Nitataja kwa haraka baridi ya tatu, ambayo si baridi kabisa. Kwenye neva za ngozi kuna mlango mdogo wa protini unaoitwa TRPM8, ambao hufunguka ngozi inapopoa na kuupelekea ubongo habari. Menthol ya mnanaa hufungua mlango huohuo. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwenye maabara yake, waliitumia menthol kuupata mlango huo, na mwaka 2021 walipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao wa jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Krimu nyingi zinazouzwa kuwa za kupoza hupitia hapo: ngozi haijapoa hata nusu nyuzi, lakini ubongo umeapa kwamba imepoa. Sina ugomvi nazo. Ila nikitaka kudanganywa napendelea kudanganywa kwa bei nafuu, na dawa ya kuchua kwenye kikopo kidogo inatosha.

Sasa turudi kwa Paul Newman na sinki lake.

Uso una mawasiliano na moyo ambayo mkono au mguu haunayo. Maji baridi yakigusa paji, macho na pua, neva ya uso iitwayo trijemino hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na jibu hurudi kupitia neva ya vagasi hadi moyoni: punguza mwendo. Mapigo hupungua. Wakati huohuo mishipa ya mikono na miguu hujibana ili damu ibaki kwa viungo visivyoweza kusubiri. Mfaransa Paul Bert aliona jambo hili kwa bata waliozamishwa majini karibu mwaka 1870, na Per Scholander, aliyewachunguza sili na wanadamu wapiga mbizi, alilieleza kwa wasomaji wa kawaida mwaka 1963. Sili analo kwa kiwango kikubwa, mtu kwa kiwango kidogo, lakini tunalo sote tangu kuzaliwa. Pumzi ikizuiwa na maji yakiwa ya baridi, jibu huwa na nguvu zaidi.

Madaktari wa watoto hulitumia. Mtoto mchanga ambaye moyo wake umeanza kukimbia kupita kiasi, aina fulani ya mbio za moyo zinazotokana na umeme wake kuzunguka njia isiyo yake, anaweza kuwekewa hospitalini mfuko wa barafu usoni kwa sekunde chache, pua na mdomo vikiachwa wazi, na mara nyingine moyo hurudi kwenye mwendo wake papo hapo. Si jambo la kujaribu nyumbani. Nalitaja kwa sababu kila nikilifikiria nashangaa: barafu ileile inayopitishwa mashavuni kwa ajili ya picha, mikononi mwa daktari ni kitufe cha moyo.

Mwanasaikolojia Marsha Linehan wa Seattle, aliyebuni tiba kwa watu ambao hisia zao hupanda hadi kutaka kujidhuru, aliiweka baridi hii ya usoni humo. Mtu aliyezidiwa hufundishwa kuzuia pumzi na kuweka uso ndani ya maji baridi, yasiwe chini ya nyuzi 10 hivi, kwa sekunde kama 30. Hakuna anayemwambia kwamba matatizo yake yatakwisha. Anachopata ni nafasi: mwili umeshushwa gia, na kwa dakika kadhaa kinachofuata kinaweza kufikiriwa badala ya kutendwa tu. Mwenye maradhi ya moyo, au anayejinyima chakula hadi mwili umedhoofika, huambiwa amwone daktari kwanza, kwa sababu jambo linaloweza kuupunguza moyo mwendo si mchezo.

Nikisoma hayo nakumbuka maji ya alfajiri. Anayetawadha hunawa uso wote, kuanzia maoteo ya nywele hadi chini ya kidevu, sikio hadi sikio, na akitaka kutimiza sunna hurudia mara tatu. Sisemi udhu uliwekwa kwa ajili ya neva. Hiyo ni ibada, na ibada haihitaji cheti cha maabara. Lakini yeyote aliyeamshwa usiku bado na akashika kopo la maji ya tangi msimu wa kipupwe anajua kwamba mtu aliyeanza kunawa na aliyemaliza si mtu yuleyule. Kuna mafundisho yanayomsifu anayekamilisha udhu hata pale maji yanapokuwa ya mateso. Waliokuwa wakiyasikiliza hawakuhitaji kuelezwa mateso hayo ni yapi.

Lakini Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu, ni hadithi nyingine. Kule mwezi wa Julai sakitu huunguza mashamba ya viazi, na ukimwambia mama wa Kikinga ajaze beseni barafu aingize uso ili apendeze, atakutazama kwa huruma na kukupa maji ya moto. Baridi ni anasa kwa asiyekuwa nayo. Dar es Salaam barafu huenda kwanza kwa samaki wa Feri, halafu kwenye soda, na sasa imefika mashavuni. Na nani asiyejua kwamba ile ya samaki haifai kuguswa na uso?

Mimi binafsi nilianza kuithamini nilipofika umri wa joto la ghafla, lile linaloanzia kifuani likapanda shingoni na kuuwasha uso katikati ya kikao, wanaume wamevaa makoti na wewe unatafuta daftari la kujipepea. Ni mishipa ileile ya damu, safari hii imefunguka yote kwa amri iliyokosewa. Kitambaa kilichotoka kwenye friji, kwenye paji la uso na nyuma ya shingo, huizungumzisha taratibu. Hakitibu kitu. Rafiki yangu mmoja huweka chake kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mkoba, pamoja na funguo na tasbihi, na hukitoa mkutanoni kama wengine wanavyotoa miwani.

Nimesema barafu haiachi kitu. Ni kweli kwa barafu ya beseni, lakini baridi yenyewe, ikizidi, huacha alama isiyofutika, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi alama hiyo ina maana yake.

Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi ni dhaifu mbele ya baridi kuliko jirani zake. Nyuzi chache tu chini ya sifuri zinatosha kuziua, wakati seli nyingine zinazozizunguka bado zinapona. Wafugaji wa Marekani wanalijua hilo tangu mwaka 1966, Keith Farrell wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipobuni njia ya kuwatia ng'ombe alama bila moto: chuma hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, hugandamizwa kwenye ngozi ya ng'ombe mweusi kwa muda uliopimwa, na baada ya wiki kadhaa manyoya huota mahali pale yakiwa meupe. Ngozi ni nzima, ila haina tena rangi. Ndiyo maana daktari wa ngozi anayetumia naitrojeni kuondoa sugu au chunjua kwenye uso mweusi huenda kwa tahadhari, maana anaweza kuiondoa chunjua na kuacha baka jeupe kwa miaka.

Barafu ya nyumbani haifiki huko kirahisi, lakini si salama hivyo inavyodhaniwa. Friza ya kawaida huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipande kilichotoka humo sasa hivi, bado kikavu na chenye ukungu mweupe, kina baridi hiyo, ndiyo maana hunasa kwenye vidole. Kikianza kuyeyuka na kung'aa kwa maji, uso wake wa nje umefika sifuri, na hapo ndipo kinaweza kugusa ngozi, tena ndani ya kitambaa, kikitembea, kwa dakika moja au mbili. Ukikibana mahali pamoja hadi pakafa ganzi, umeshaivuka mipaka. Kuungua kwa baridi kwenye ngozi yetu mara nyingi humalizikia kwenye doa jeusi linalobaki miezi mingi, na kumbe ulikuwa ukitafuta kung'ara. Wapo pia watu ambao ngozi ikiguswa na baridi huvimba mabaka yanayowasha. Hao waiache kabisa. Na mtu aliyeungua moto asikimbilie barafu: anahitaji maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20.

Hata mafuta ya chini ya ngozi huiogopa baridi. Mwaka 1970 madaktari wawili wa Marekani walieleza katika jarida la kitabibu habari ya mtoto aliyevimba shavu baada ya kunyonya barafu ya kijiti; mafuta ya shavuni yalikuwa yamejeruhiwa na baridi wakati ngozi ya juu ilikuwa haina kitu. Uvimbe uliisha wenyewe. Kutokana na visa vya aina hiyo, Dieter Manstein na Rox Anderson wa Boston walitengeneza njia ya kupunguza mafuta ya tumbo kwa kuyapoza, wakaitangaza mwaka 2008. Sasa fikiria: mafuta ya mashavu ndiyo yanayoufanya uso uonekane wa kijana, na tunaambiwa baridi inarudisha ujana wa mashavu. Beseni halina nguvu ya kuyaondoa, shukrani kwa Mungu, lakini anayeuza ndoto angechagua hoja yenye mantiki zaidi.

Tiba ya kweli ya baridi usoni, kwa nchi hii, nadhani imo kliniki. Kwenye hospitali ya KCMC kule Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho wagonjwa wake ni pamoja na watu wenye ualbino. Ngozi yao haina kinga dhidi ya jua letu, na usoni, masikioni na shingoni hutokea magamba makavu ambayo mengine, yakiachwa, hugeuka saratani. Dawa mojawapo ya magamba hayo ni naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ikipulizwa sekunde chache mahali palipo na gamba. Hugeuka jeupe kama chumvi, huuma, hutoa lengelenge, kisha hubanduka. Kituo hichohicho hutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao, maana kugandisha peke yake ni kuchelewa. Pale hakuna kioo wala taa ya kupigia picha, na baridi imefanya jambo ambalo krimu hazikuweza.

Nimeyaweka karibu haya mawili, ng'ombe aliyetiwa weupe na mtu mwenye ualbino anayepigania ngozi yake, kwa sababu katikati yao limesimama jambo tusilopenda kulisema kwa sauti. Mabinti wengi wanaoweka barafu usoni hawaanzi na barafu. Wanafika kwenye barafu baada ya mkorogo. Krimu zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, ambazo mamlaka za Tanzania, Kenya na Rwanda zimezipiga marufuku na bado zinauzwa chini ya meza, huikondesha ngozi hadi mishipa ikaonekana. Uso kama huo hauvumilii jiko la mkaa wala jua la saa nne. Unawaka. Mwenyewe hukimbilia kitu cha baridi, na barafu humpa dakika kumi za amani ambazo aliyemuuzia krimu hakuweza kumpa.

Hapo ndipo ninapoipenda. Mkorogo humuahidi mtu uso wa mtu mwingine. Barafu haina uwezo huo, na haidai. Humrudishia uso wake mwenyewe, uvimbe umepungua, macho yamefunguka, moyo umetulia kidogo, halafu inaondoka. Mpwa wangu aliponiuliza, "Shangazi, sasa ina faida gani kama haibadilishi kitu?" nilimjibu kwamba angeniuliza swali hilohilo kuhusu usingizi. Hakuridhika. Ana miaka 19, na kwake kitu kisichoonekana kwenye picha ya kabla na ya baada hakijatokea.

Jirani yangu aliye na friza ameliona soko hilo kabla yetu sote. Miaka yote ameuza barafu za ubuyu na za ukwaju kwenye vifuko, kwa watoto wanaotoka shule. Siku hizi ubavuni mwa friza ametenga safu ya vifuko vya maji matupu, yaliyochemshwa, na ukiuliza anakwambia hivyo ni vya wadada, vya uso. Bei ni sawa na ya ubuyu. Nilimwambia hapo anawaonea, maana ubuyu una sukari, una rangi, una kazi ya kukoroga. Akanijibu, "Dada, na umeme nao unagandisha bure?" Nikanunua viwili.